Kabla Hujamkaba Mtu, Jifunze Kugonga

(Mhadhara kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaotaka kuingia klabu ya mieleka na mapigano mseto chuoni, Tabora)

Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wengine wote habari za jioni. Walioko mlangoni sogeeni, huku mbele nafasi ipo. Aliyevaa viatu asikanyage turubai, maana baada ya muda mfupi tutalilalia kwa mashavu.

Kila Novemba vyuo vikifunguliwa, swali linalotangulia hata salamu ni hili: "Nitaanza kupigana lini?" Kurusha ngumi kwa mtu, si kabla ya wiki ya 12. Kushindana chini, mkianzia magotini, wiki ya 5. Kuanguka na kugonga, yaani kumpiga mwenzako kiganja kuashiria umeshindwa, leo. Najua wengine mmekuja kwa sababu ya vipande vya UFC, yale mashindano ya Marekani ya mapigano mseto, mlivyovitazama kwenye simu, na mpangilio huu unawapa uvivu. Lakini hata huko mnakotazama, mambo yalianza hivi hivi. Shindano la kwanza la UFC lilifanyika Denver, Marekani, tarehe 12 Novemba 1993. Aliyeshinda ni Royce Gracie wa Brazil, mtu mwenye mwili wa kawaida kabisa. Alikutana na watu watatu usiku mmoja, na wote watatu waligonga.

Alichotumia kina ukoo wake. Kano Jigoro alianzisha judo Tokyo mwaka 1882. Mjapani mwingine, Mitsuyo Maeda, aliipeleka Brazil mwaka 1914, na familia ya Gracie ikaigeuza iwe kazi ya chini zaidi kuliko ya kusimama. Klabuni tunachanganya judo ya kuangusha, mieleka ya kukamata miguu, hiyo jujitsu ya Brazil, na baadaye ngumi na mateke. Msiogope majina. Mtoto yeyote aliyechunga ng'ombe anajua ngwala. Tofauti ni kwamba hapa tutakuonyesha mguu uukate wakati gani.

Sasa kugonga. Naomba wakongwe wawili. Wewe kaa chini, unyooshe miguu. Wewe piga magoti nyuma yake, umpige kabali, polepole.

Sogeeni mwone. Kiwiko cha mkabaji kimekaa katikati, chini ya kidevu. Msuli wa juu wa mkono uko upande mmoja wa shingo, mkono wa mbele upande wa pili. Koromeo lenyewe liko kwenye uwazi wa kiwiko, halijaguswa. Kiganja kimeshika msuli wa mkono mwingine, na kiganja cha huo mkono mwingine kiko nyuma ya kichwa. Anakunja... mmeona, hakuna kikohozi. Kinachobanwa ni mishipa mikubwa ya damu inayopanda ubongoni, kushoto na kulia. Ikibanwa sawasawa, mtu hupotewa na fahamu ndani ya sekunde kama 10, pengine chini ya hapo, na bila maumivu ya maana. Kwa hiyo anayesema "nitagonga ikianza kuuma" anasubiri basi lisilopita njia hiyo.

Kabali ya vibaka ni kitu kingine. Pale mfupa wa mkono unalala juu ya koromeo lenyewe. Inauma, inakohoza, na inaweza kuvunja gegedu la koo. Mgeni haruhusiwi kuitumia hapa, hata kwa utani.

Kugonga ni hivi: kiganja wazi, mara mbili au tatu, juu ya mwili wa mwenzako ili aihisi. Kugonga turubai kunatosha tu pale mikono isipomfikia. Mikono ikiwa imebanwa yote, gonga kwa mguu au sema "Basi!" kwa sauti. Na ukelele wowote wa maumivu tunauhesabu kuwa umegonga. Kosa la wageni ni kugusa mara moja, kama mtu anayepangusa vumbi, mkabaji asijue kama ni ishara au ni mkono unaohangaika. Kosa la mkabaji ni kuuliza "umegonga?" huku bado amebana. Achia kwanza, uliza baadaye.

Ikitokea mtu amezimia: achia papo hapo, mlaze chali, mwite kocha. Usimmwagie maji, usimpige vibao. Kwa kawaida hurudi ndani ya sekunde chache akiwa hajui yuko wapi. Sekunde 30 zikipita hajarudi, ni hospitali. Akirudi upesi, mazoezi yake ya siku hiyo yamekwisha, hata akisisitiza kwamba yuko fiti.

Viungo vina tabia tofauti na shingo. Kiwiko kikinyooshwa kinakuonya: kwanza kinabana, kisha kinauma, na nafasi ya kugonga unaipata. Goti halina adabu hiyo. Mtu akishika kisigino chako na kukizungusha, goti linazunguka kwa ndani, na maumivu huja wakati kano zimeshachanika. Ndiyo maana kuzungusha kisigino ni marufuku kwa mwaka mzima wa kwanza. Hata judo ya mashindano inaruhusu kukunja kiungo kimoja tu, kiwiko.

Asanteni, kaeni.

Kuanguka. Kinachovunjika kwa wageni ni kifundo cha mkono, kwa sababu mtu akianguka nyuma hutanguliza kiganja kuipokea ardhi, na uzito wote unapita kwenye mkono ulionyooka. Tunaifuta tabia hiyo kwa kurudia. Unachuchumaa, mikono umeikunja kifuani, kidevu umekibana kifuani kana kwamba umeshikilia kitambulisho hapo. Unajiviringisha nyuma, na mgongo ukigusa tu, mikono yote miwili inapiga turubai, viganja chini, kwa pembe ya nyuzi kama 45 kutoka mwilini. Ukiifungua mikono usawa wa mabega, bega linapata mshtuko. Ukiibana karibu na mbavu, unaanguka juu ya viwiko vyako mwenyewe. Fanya 20 kila siku ya mazoezi kwa wiki mbili, kisha ndipo usimame. Kichwa kikigusa chini hata mara moja, rudi kwenye kuchuchumaa.

Zoezi la pili la chini ni kujivuta kiuno: umelala ubavu, unasukuma kwa mguu mmoja, makalio yanatoka nyuma, mwili unajikunja. Kwingine wanaliita kwa jina la kamba wa baharini. Huku Tabora, bahari iko mwisho wa reli, tuseme kujivuta kiuno tu.

Niseme kuhusu hili turubai, kwa sababu mtu akiumia hapa, mara nyingi ni turubai lililomuumiza kabla ya mwenzake. Mikeka ya judo ya mashindano ina unene wa sentimita 4 au 5, na ni ghali. Sisi tuna fremu ya mbao ya mita 6 kwa 6, ndani kuna maranda na pumba za mpunga zilizoshindiliwa, juu yake mablanketi ya zamani, halafu turubai lililovutwa na kufungwa kwa kamba pande zote. Ukubwa huu unabeba jozi 6 zikifanya kazi ya chini, lakini jozi 3 tu zikiangushana, na bado mmoja awe anaangalia migongo ya wenzake.

Udhaifu wake ni huu. Pumba zinahama. Mkiangushana sehemu moja kwa wiki nzima, pale panabonyea na pembeni panainuka, na kidole gumba cha mguu kikiingia kwenye mkunjo wa turubai wakati mwili unageuka, goti ndilo linalolipa. Kwa hiyo kila Jumamosi tunafungua, tunasawazisha kwa reki, tunakaza kamba upya. Maranda ya fundi seremala lazima yachekechwe, kwa sababu yana misumari na vipande vya mbao. Na kuanzia sasa hadi Aprili ni mvua: pumba zikilowa zinaota ukungu, na panya wanahamia. Turubai likianza kunuka uvundo, tunatoa vyote, tunaanika jua siku nzima. Mgeni ana zamu kama mkongwe. Hakuna wa kuja saa ya kupigana na kuondoka saa ya kufagia.

Baada ya kila mazoezi tunapiga deki kwa sabuni na maji, tunasuuza, kisha tunapitisha jiki, kikombe kimoja kwa vikombe 9 vya maji, tunaiacha dakika 10 kabla ya kupangusa. Tope na jasho lazima vitoke kwanza, la sivyo jiki inaishia kwenye uchafu na vijidudu vinabaki. Jiki isichanganywe kamwe na dawa nyingine ya choo wala siki, mvuke wake ni sumu.

Choa ndicho kinachofunga klabu kuliko kuvunjika mkono. Ni duara lenye ukingo ulioinuka, linawasha, katikati kama pamepona. Linakaa mkononi, shingoni, mgongoni, penye kugusana. Krimu ya klotrimazoli hupakwa mara mbili kwa siku, wiki 2 hadi 4, na unaendelea wiki moja au mbili zaidi baada ya duara kupotea. Wengi huacha siku ya 5 muwasho ukikoma, nalo linarudi kubwa zaidi. Jihadharini na zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi zinazouzwa kama dawa ya kila kitu: zinaondoa wekundu na muwasho, fangasi wanaendelea kutambaa chini kwa chini, na daktari akija kuangalia hata umbo la duara halipo tena. Kurudi kwenye turubai ni baada ya saa 72 za dawa angalau, na pamefunikwa. La kichwani linahitaji dawa ya kumeza na wiki 2 nje. Majipu na vidonda vyenye usaha, usiingie kabisa.

Kwa hiyo: kucha fupi, za miguu pia. Kuoga kwa sabuni mara baada ya mazoezi, si usiku ukimaliza kujisomea. Ndala za kuendea chooni, kwa sababu mguu uliotoka chooni haurudi kwenye turubai unakolaza uso wako. Tisheti inayobana na bukta isiyo na zipu wala mifuko, vidole hunasa humo. Dada anayejisitiri avae mikono mirefu na suruali ya mazoezi, na mtandio wa kuvuta kichwani usio na pini hata moja. Dada hapangiwi mwenza asiyemtaka, na tunapanga jozi kwa uzito. Tofauti ya zaidi ya kilo 10, kocha asimame karibu. Kinga ya meno nunueni mapema. Glovu msinunue bado.

Damu ikitoka, hata ya pua, jozi inasimama, damu iliyoko kwenye turubai inapanguswa kwa jiki kabla ya kuendelea. Hatuulizi mtu hali yake ya virusi. Sheria ni moja kwa damu yote. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi 3, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu miezi 6 tangu hiyo ya kwanza. Ianze sasa.

Kwenye fomu andikeni ukweli kuhusu pumu, kifafa, na selimundu. Mwenye vinasaba vya selimundu si kwamba hatacheza, ila kwenye joto hili lazima apumzike zaidi na anywe maji, na sisi tujue ni kwa nini.

Jambo la uzito. Mnaowaza mashindano mtasikia habari za kukimbia na masweta, kujinyima maji siku mbili ili ushuke daraja. Mwishoni mwa mwaka 1997, ndani ya wiki 5, wanamieleka 3 wa vyuo vya Marekani walifariki wakijikausha maji hivyo hivyo. Hao walikuwa na makocha na madaktari. Klabu hii mtu anashindana kwa uzito anaoamka nao asubuhi. Aliyefunga Ramadhani afanye mbinu nyepesi tu, au aje baada ya futari.

Swali? ... Ndiyo, mwenye miwani anaweza, ila anaivua. Na hapana, kaka, mkanda mweusi wa karate haukuondolei wiki za kuanguka.

Mazoezi ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa 11 jioni. Sasa vueni saa, pete na hereni, weka kwenye ndoo hii. Mstari wa kwanza, chuchumaeni. Kidevu kifuani. Kumi za mwanzo nitahesabu mimi.