Kazi Utaipata, Swali ni Saa Zako
Mhadhara kwa wageni wapya, Brooklyn Park, Minnesota

Shikamooni wazee, na nyinyi wengine hamjambo. Asanteni kwa kuja Jumapili jioni na baridi yote hii, najua humu kuna watu wametoka shifti saa moja asubuhi na wengine wanaingia saa tano usiku, kwa hiyo mkiona mtu anasinzia msimsumbue. Nimeambiwa niongee na waliofika karibuni, yaani wale wa bahati nasibu ya grini kadi, wale waliotoka kambini Kakuma na Nyarugusu, na wale walioletwa na mume au mke. Wenyeji mnajua mengi ya haya, nikikosea nyoosheni mkono.

Nianze na kitu ambacho watu hawapendi kukisema. Hapa Minnesota kazi utapata. Sisemi mahali pengine, nasema hapa, Brooklyn Park, Brooklyn Center, St. Paul, mpaka kule Rochester. Mgeni akifika leo kuna binamu, au mtu wa kanisani au msikitini, atamwambia njoo kwenye grupu homu, zile nyumba za kuwatunza watu wenye ulemavu, na theluji haijayeyuka huyo mtu ana kazi mbili. Shida inaanzia hapo. Kazi zinakula saa zako zote, alafu siku ukishtuka watoto wameshakua, shahada yako ya uhasibu ya Moi au Makerere bado iko kwenye bahasha chini ya kitanda, na we uko shifti ile ile ya usiku uliyoanza nayo. Nataka tuongee juu ya saa. Lakini kwanza makaratasi, manake bila makaratasi hizo saa zenyewe hutaziuza.

Ukiingia na viza ya uhamiaji, ile viza ikishagongwa muhuri uwanja wa ndege inakutosha kama ushahidi wa ukaazi wa kudumu kwa mwaka mzima. Kwa hiyo huna haja ya kukaa nyumbani ukisubiri grini kadi yenyewe, ile kadi ya ukaazi, ije kwa posta. Kazini utajaza fomu inaitwa I-9, ya kuonyesha una ruhusa ya kufanya kazi, na kwenye hiyo fomu mfanyakazi ndiye anayechagua aonyeshe hati gani kati ya zile zinazokubaliwa. Bosi akikwambia "mimi nataka grini kadi tu, hii pasipoti siitaki," huyo anakosea, mwambie kwa upole asome maelezo ya fomu yake mwenyewe. Mkimbizi naye anaanza kazi na I-94 yake, ile rekodi ya kuingia nchini, alafu ana siku 90 za kuleta hati nyingine, na akitimiza mwaka mmoja hapa anatakiwa aombe grini kadi, asikae tu akidhani itakuja yenyewe. Namba ya Social Security, ile namba ya serikali unayotumia kazini na kwenye kodi, haiuzwi, ni bure, mtu akikuomba dola mia akusaidie kuipata, mkimbie.

Vitu vitatu vidogo ambavyo vinaumiza watu baadaye. Ukihama nyumba una siku 10 za kuwajulisha watu wa uhamiaji, fomu ni AR-11, unajaza kwa simu yako hapo hapo na hulipi kitu, na sisi tunavyohama hama kutoka kwa shemeji kwenda kwa rafiki, barua ngapi zimepotea? Vijana wa kiume wa miaka 18 mpaka 25 wajiandikishe Selective Service, daftari la serikali la wanaoweza kuitwa jeshini, hamuendi vitani, msiogope, lakini usipojiandikisha inaweza kukusumbua siku ya kuomba uraia. Na la tatu hili naomba mlisikie vizuri: ukienda kuchukua leseni ya gari ukaulizwa habari ya kupiga kura, wewe si raia bado, jibu ni hapana. Kuna watu wanatia sahihi tu kwa sababu karani amewaletea karatasi na hawataki kuonekana wagumu, na kudai uraia ambao huna ni kosa linaloweza kukurudisha kwenu.

Haya, tuje kwenye kazi.

Grupu homu kwa wasiojua ni nyumba ya kawaida kabisa mtaani, wanaishi watu watatu wanne wenye ulemavu, na sisi ndio tunawasaidia kuoga, kula, kumeza dawa kwa saa yake, kuwapeleka kwa daktari, na kuandika kila kitu kilichotokea. Kabla ya kukupa kazi watachukua alama za vidole wakachunguze rekodi yako jimboni. Msiidharau kazi hii. Nasikia watu wanaifanyia mzaha, eti nimekuja Marekani kuosha wazee, na wewe huyo huyo mama yako kule nyumbani anaoshwa na nani? Ni kazi ya heshima, na yule unayemhudumia ana jina na ana timu yake ya mpira anayoishabikia, sasa ukikaa kwenye kochi na simu yako saa nane nzima ujue anakuona.

Ila hesabu yake uijue. Sheria ya taifa inasema ukipita saa 40 kwa wiki, kila saa ya ziada unalipwa mara moja na nusu. Sawa. Lakini hizo saa zinahesabiwa kwa mwajiri mmoja mmoja. Sasa mtu wetu anafanya saa 40 kampuni hii, anaingia kwenye gari, anafanya 40 kampuni ile, hizo ni saa 80 na hajapata hata dakika moja ya ovataimu. Saa hizo hizo angezifanya mahali pamoja, zile 40 za juu zingelipwa kama 60. Nikisema hivi watu wananiambia kampuni yangu haitoi ovataimu. Ndiyo, haitoi, sababu inajua jirani yake atakupa hizo saa kwa bei ya kawaida na wewe utakubali.

(Sauti kutoka ukumbini: "Kweli kabisa!")

Enhe. Na kuna kingine watu wanakiacha mezani. Tangu tarehe 1 Januari 2024 jimbo hili lina sheria ya likizo ya ugonjwa yenye malipo, kila ukifanya kazi saa 30 unajiwekea saa moja, mpaka saa 48 kwa mwaka, hata kama ni patitaimu. Inahesabiwa na unatakiwa uweze kuiona. Lakini utakuta mama ana homa, anatetemeka, anaenda kazini, kwa sababu kwao ukikosa kazi siku moja unakatwa, na hakuna aliyemwambia hapa ni tofauti. Mtoto akiumwa pia unaitumia.

Alafu kuna hii biashara ya 1099, fomu ya kodi ya watu wa kandarasi. Mtu anakwambia njoo kwangu, mimi sikati kodi, unapata pesa yako yote. Unafurahi. Ikifika Aprili 15 unaambiwa unadaiwa. Aliyeajiriwa kwa W-2, fomu ya mwajiriwa wa kawaida, anakatwa asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare, yaani pensheni na bima ya afya ya uzeeni, na mwajiri anaongeza nyingine kama hiyo, lakini wewe wa 1099 unahesabiwa kama una kampuni yako, kwa hiyo zote mbili ni zako, 15.3, na kodi ya mapato bado. Ukivunjika mgongo ukimwinua mgonjwa hakuna bima ya wafanyakazi, na ukisimamishwa hakuna fidia ya kukosa kazi. Kama unaambiwa saa ya kuingia, saa ya kutoka, na nguo ya kuvaa, wewe ni mwajiriwa, hata wakuite kandarasi namna gani.

Sasa zile saa. Mimi ushauri wangu, na najua wengine hamtaupenda, ni kwamba mwezi ule ule wa kwanza wa kazi utoe siku moja ya wiki uifunge. Tuseme Jumatano. Ukipigiwa simu Jumatano kuna shifti imekosa mtu, jibu ni siwezi, na usieleze kwa nini, ukieleza wataanza kubembeleza. Hiyo Jumatano ndiyo itakutoa.

Itakutoa kwenda wapi? Tuchukue uuguzi kwa sababu nusu ya ukumbi huu wanauwaza. Kozi ya unesi msaidizi, CNA, sheria ya taifa inataka angalau saa 75 za mafunzo, sasa hizo zinaisha kwa wiki chache. Na watu wengi hawajui hili: nyumba ya wazee ikishakuajiri au kukuahidi kazi haitakiwi ikulipishe hayo mafunzo, na kama ulijilipia mwenyewe alafu ukaajiriwa ndani ya miezi 12, gharama inatakiwa irudishwe. Ulizeni kabla ya kutoa pesa! Kwa wale ambao tayari ni manesi kutoka nyumbani, msianze upya darasa la kwanza kama watoto. Vyeti vyako vinakaguliwa na shirika kama CGFNS, ambalo siku hizi linaitwa TruMerit, bodi ya manesi ya jimbo inakwambia unapungukiwa na nini, unafanya mtihani wa leseni ya unesi, NCLEX. Kinachochelewesha watu mara nyingi ni chuo cha nyumbani, manake wakaguzi wanataka matokeo yatumwe na chuo chenyewe moja kwa moja, nakala yako uliyobeba kwenye sanduku haitoshi, na nyinyi mnajua ofisi zetu. Tuma mdogo wako akakae pale kwenye benchi ya msajili mpaka itumwe. Anza hilo wiki hii, lisingoje upate nafasi.

Wasio wauguzi, vyuo vya North Hennepin na Hennepin Technical viko hapa hapa Brooklyn Park. Nendeni mkaulize, kuingia mlangoni ni bure.

Krediti, yaani rekodi yako ya kukopa na kulipa, nitaipitia haraka. Huku historia yako ya Kenya au Kongo haionekani, unaanza na ukurasa mtupu. Chukua kadi ya krediti ya benki, ile ya kuweka dhamana, weka dola mia mbili tatu, nunua mafuta ya gari tu, lipa yote kila mwezi, na alama ya FICO, ile wakopeshaji wanayokupimia, inahitaji kama miezi sita kujitokeza. Lakini usikimbilie kununua gari kwa mkopo wiki ya pili kwa yule muuzaji asiyeuliza maswali. Asiyeuliza maswali riba yake inayauliza baadaye. Panda basi kwanza, au nunua gari kuukuu kwa keshi na fundi wako aliangalie.

Na baridi, wageni mtaiona Januari. Kuanzia Oktoba 1 mpaka Aprili 30, kama wewe huna kidhibiti cha joto chako, mwenye nyumba anatakiwa na sheria akupe joto la angalau nyuzi 68 za kipimo chao, ambazo ni 20 zetu, msilale na makoti mkidhani ndiyo Amerika. Na wanaokaa Minneapolis, theluji ikitangazwa dharura angalieni upande gani wa barabara hauruhusiwi kuegesha leo, la sivyo gari inavutwa usiku na kuikomboa ni mshahara wa siku mbili.

Niishie hapo, nichukue maswali mawili. Ndiyo, dada wa nyuma.

(Swali: Nyumbani wanapiga simu kila wiki, harambee, ada, matanga. Nikifunga Jumatano pesa ya kutuma itatoka wapi?)

Swali zuri, na wote mmecheka kwa sababu mnalo. Dada, hiyo dabali shifti unayoifanya ni ya nani? Kaa na mumeo au peke yako, panga kiasi kimoja cha mwezi, kitume tarehe moja, na mwambie mtu mmoja tu kule, dada mkubwa au mjomba anayeheshimiwa, yeye ndiye agawe. Wenye shida wampigie yeye. Miezi miwili ya kwanza watasema umebadilika. Wa tatu wanazoea.

Kaka hapa mbele.

(Swali: Mimi ni mwanafunzi, viza ya F-1, rafiki yangu anasema grupu homu yao hawaulizi makaratasi.)

Usiende. Wewe una saa 20 kwa wiki, ndani ya chuo tu, wakati masomo yanaendelea, na mwaka wa kwanza nje ya chuo hapana kabisa. Wasipouliza leo, I-9 wameijaza vipi? Ama umedanganya ama wamedanganya, na likilipuka kampuni inalipa faini, wewe unapoteza viza. Nenda kwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni kesho, waulize kazi za maktaba na za jikoni zinatangazwa lini, zinachukuliwa mapema. Na ukikwama kodi ya nyumba mwezi huu, njoo nikuone kabla hujaondoka.