Kilima cha Hermitage: Mteremko, Mwamba na Upepo

Mabibi na mabwana,

Kilima ninachoomba tukitazame leo kipo Ufaransa, katika mji mdogo wa Tain-l'Hermitage, ukingo wa kushoto wa mto Rhône. Mizabibu yote ya Hermitage, jina la mvinyo lililolindwa kisheria tangu mwaka 1937, imeenea kwenye hekta 140 hivi tu, lakini ndani ya eneo hilo dogo ardhi hubadilika mara kadhaa.

Tuanze na mteremko. Sisi tuliozoea jua la utosini tunaweza tusione umuhimu wake, lakini Tain iko nyuzi 45 kaskazini ya ikweta, na adhuhuri ya siku ambayo usiku na mchana hulingana, jua hufikia nusu tu ya njia ya kuelekea utosini. Kwenye uwanda miale hutua kwa ulalo na joto lake hutawanyika. Mahali ambapo kilima kimeinama nyuzi 30 kuelekea kusini, miale ileile huiangukia ardhi karibu wima, na kila mita ya mraba hupata nguvu ya jua iliyozidi ya uwandani kwa zaidi ya theluthi moja. Wakulima wa Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Kule Tain mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja, hivyo joto hilo la ziada ndilo linaloivisha zabibu nyeusi za Syrah kabla msimu haujafungwa.

Udongo ndio unaonivutia zaidi. Upande wa magharibi, katika kipande kiitwacho Les Bessards, kuna granaiti (mwamba mgumu) ya jamii moja na ile ya milima iliyo ng'ambo, kwa kuwa mto ulipojichimbia njia uliikata na kuiacha upande huu. Granaiti ikilika huwa changarawe isiyoshika maji, mizizi hulazimika kuyatafuta ndani ya nyufa, na mvinyo wake huwa na ukakasi unaohitaji miaka mingi kulainika. Jirani yake, Le Méal, ina mawe ya mviringo yaliyoachwa na mto wa kale, yanayohifadhi joto la mchana, na mvinyo wa hapo ni mnono zaidi. Mashariki zaidi, mfinyanzi wenye chokaa huzifaa zabibu nyeupe, Marsanne na Roussanne.

Kisha upo mistral, upepo mkali wa kutoka kaskazini. Hukausha majani baada ya mvua na kupunguza ukungu, ila pia huvunja machipukizi, ndiyo maana mizabibu hufungwa kwenye vigingi.

Mvua kubwa nayo huporomosha udongo. Kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji huuzuia kiasi, na ule unaozipita wakulima wameubeba kurudi juu, kizazi baada ya kizazi.