Imitate na emulate: Bayi, Walker na barua zenu za maombi

Mambo vipi wana Chuga! Dada yenu nipo likizo, nimekaa barazani kwa mama hapa Njiro, kwa hiyo mkisikia jogoo na bodaboda mtanivumilia.

Leo tunaongea Kiingereza. Najua mliozoea video za kodi za nyumba na mishahara ya Uingereza mtanuna, ila hii nayo ina hela ndani yake. Wengi mnanitumia barua za kuombea ufadhili nizipitie, na mimi huko kazi yangu ni ya udahili kwenye chuo kimoja, barua hizi nashinda nazo. Kuna sentensi inajirudia mno: "I want to imitate my teacher." Aliyeandika ana nia njema kabisa. Mwalimu wake katoka mbali, naye anataka afike pale au apapite. Sasa Mwingereza akiisoma anamwona mtu anayetembea kama mwalimu, anakohoa kama mwalimu, anapandisha miwani puani kama mwalimu. Anacheka. Neno lililotakiwa hapo ni emulate.

Imitate ni kuiga kile kinachoonekana au kusikika: sauti, mwendo, mshono wa gauni. Mchekeshaji anayemuigiza mchungaji ana-imitate. Mtoto anayerudia maneno ya bibi yake naye hivyo hivyo, kwa hiyo si tusi. Ila lina harufu ya feki. Nenda soko la Kilombero kwenye mikanda, utakuta iliyoandikwa "imitation leather", na muuzaji mkweli atakuwahi: "Dada, hii siyo ngozi." Emulate haina harufu hiyo. Unamtazama mtu aliyefanya vizuri, unataka umfikie, ikiwezekana umzidi. Ushindani umo tangu kwenye Kilatini, ambako aemulus ni mpinzani wako.

Mfano nautoa huku huku kwetu. Filbert Bayi, mtoto wa Karatu. Mwaka 1974, Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, mita 1500. Bayi alichomoka mbele tangu mlio wa bastola, akakaa huko huko mpaka mwisho: dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Nyuma yake alikuwa John Walker wa New Zealand, nyumbani kwao, mbele ya watu wake, na yeye pia alikuwa ameipita rekodi ya zamani. Fikiria, unavunja rekodi ya dunia halafu unakuwa wa pili! Mei 1975 Bayi akachukua na rekodi ya maili, 3:51.0. Agosti mwaka huo huo Walker akaivunja kwa 3:49.4, mtu wa kwanza kukimbia maili chini ya 3:50. Na hakuwa ameanza kukimbia kama Bayi. Walker aliendelea na mtindo wake wa kuvizia na kumaliza kwa kasi. Hiyo ndiyo emulate, machalii wangu. Mwaka 1976 wangekutana Montreal, Tanzania ikasusia Olimpiki pamoja na nchi nyingi za Afrika kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Walker akachukua dhahabu ya mita 1500 bila Bayi uwanjani. Mpaka leo inaniuma, na wakati huo hata sikuwa nimezaliwa.

Sasa juzi asubuhi, pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid, nimemwona dogo kafyatuka mzunguko wa kwanza, kifua mbele, wenzake kawaacha kabisa. Mzunguko wa tatu kashika kiuno, mate yanamtoka, wenzake wanampita mmoja mmoja wakimpa pole. Huyo alim-imitate Bayi.

Mnaocheza gemu za PSP, ile mashine ya gemu ya mkononi, kwenye simu neno hili mnalo tayari, mnaiita emulator. Ile programu haiwaonyeshi picha ya PSP. Inafanya kazi ya PSP mpaka gemu linacheza, na simu ikiwa na nguvu picha zinatoka kali kuliko kwenye mashine yenyewe.

Angalizo dogo. Lafudhi ya Kiingereza unai-imitate, huwezi kui-emulate, na ukifika huko usijisumbue nayo sana, wanakuelewa tu. Saini ya bosi unai-imitate, na polisi watakuhusu. Emulate inakaa na mtu, mafanikio yake, bidii yake, au mfano aliouweka. Kutamka ni em-yu-leit, uzito uwe mwanzoni.

Haya, kila mtu aniandikie kwenye komenti sentensi moja yenye emulate, na jina la mtu wa Arusha au Moshi ndani yake. Atakayeandika "nice video" namfuta. Kesho nakwenda Karatu, nitawasoma njiani.