Majina Langoni

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Leo ninazungumza nanyi kutoka ndani ya gari letu la nyumba, lile ambalo shangazi yangu wa Wete huliita kobe kwa kuwa limebeba kitanda, jiko na choo mgongoni. Tumeliegesha Ieper, mji wa Ubelgiji ambao Waingereza huuita Ypres. Tulivuka kwa feri kutoka Dover hadi Dunkirk, mtungi wa gesi ukiwa umefungwa kama inavyotakiwa. Na dereva aliyezoea kushika kushoto, kama sisi nyumbani, huku inampasa ashike kulia.

Ukiutazama mji huu utadhani kuta zake ni za kale, kumbe mizinga ya Vita Kuu iliusaga wote baina ya 1914 na 1918. Churchill alitaka magofu yaachwe kuwa ukumbusho, lakini wenyeji walirudi wakajenga upya, na lile jumba kubwa la wafanyabiashara wa vitambaa halikukamilika hadi 1967.

Jana jioni tulikwenda kwa miguu hadi Lango la Menin, lililofunguliwa 1927. Ndani yake yamechongwa majina zaidi ya 54,000 ya askari wa Uingereza na himaya yake, wakiwemo Wahindi, ambao makaburi yao hayajulikani. Saa 2 usiku magari husimamishwa na tarumbeta hupigwa, nao ni utaratibu ulioanza 1928 na kukatizwa hapa na uvamizi wa Wajerumani tu, kuanzia 1940 hadi 1944. Lililonigusa zaidi ni hili: mwili wa askari ukipatikana shambani na kutambuliwa, jina lake huondolewa langoni, kwa sababu mwenyewe sasa ana kaburi lake.

Hapo ndipo mawazo yangu yaliporudi nyumbani. Vita hivyo hivyo vilifika bandarini kwetu alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, pale manowari ya Kijerumani Königsberg ilipoishambulia Pegasus ya Waingereza, iliyokuwa imetia nanga mbele ya Mji Mkongwe ikitengenezwa mitambo. Baadhi ya mabaharia wake wamezikwa Chapwani, kisiwa ambacho wengi wetu tunakipita kwa mashua bila kuuliza kilichomo.

Lakini wapagazi je? Watu wa visiwani nao waliandikishwa, wakavushwa bara kubeba risasi na chakula cha majeshi, na wengi waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao cha wabeba mizigo. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Nilisimama chini ya lango nikitafuta, kwa mazoea tu, jina lenye 'bin' katikati ambalo ningeweza kulisoma kwa sauti ya babu.

Kwa hiyo nina ombi kwenu. Mwenye mzee nyumbani aliyesimuliwa habari za ndugu aliyechukuliwa upagazi asirudi, naomba amwulize jina lake kamili na kijiji chake, kisha aniandikie hapa chini ya video. Kesho asubuhi tutajaza maji na kuelekea makaburi ya Tyne Cot, na daftari nitakuwa nalo.