Seva Ikilalamika Usiku wa Manane, Nani Anasikia? Tunaweka ipmievd Hatua kwa Hatua

Mbukwenyi, wadau! Karibuni tena. Leo nipo ndani ya chumba cha seva hapa Dodoma, kiyoyozi kinavuma kama mnavyosikia, kwa hiyo nitapaza sauti kidogo. Mnivumilie.

Kabla sijagusa kibodi, hebu itazameni hii. Nasogeza kamera. Ni feni ya seva. Ona mapanga yake yalivyovikwa vumbi, ukipitisha kidole linatoka kama unga wa mtama. Niliitoa mwezi wa kumi, kile kipindi upepo wa kiangazi unapiga na hata ukifunga madirisha vumbi linaingia tu. Ofisi moja hapa mjini waliniita, wakasema seva yao "inalia kama bodaboda inayopanda mlima". Kufika, feni hii imekufa kabisa, zile nyingine zinazunguka kwa nguvu zote kuziba pengo lake. Nikafungua kumbukumbu ya ndani ya mashine. Feni ilianza kulegea wiki tatu nyuma! Mashine iliandika leo, ikaandika kesho, ikaandika mpaka daftari likajaa. Hakuna aliyelifungua.

Kwa hiyo leo tunaiwekea seva mtu wa kusoma hilo daftari saa zote na kulipeleka tunakoliona. Jina lake ni ipmievd, programu inayokaa nyuma ya pazia bila kukusumbua.

Maelezo mafupi kwa wageni. Ndani ya seva kuna kompyuta nyingine ndogo inayoitwa BMC. Dell wanaiita iDRAC, HPE wanaiita iLO. Ina prosesa yake, na inabaki macho hata seva ikiwa imezimwa, mradi waya wa umeme umechomekwa. Inapima joto, mwendo wa feni, volti na hali ya pawa saplai. Lugha ya kuzungumza nayo ni IPMI, iliyoanzishwa na Intel pamoja na Dell, HP na NEC mwaka 1998. Toleo la 2.0 lilitoka mwaka 2004 na ndilo utakalolikuta kwenye mashine nyingi. Daftari lake linaitwa SEL. Kila tukio linachukua baiti 16 tu, lakini daftari lenyewe ni dogo.

Haya, tufungue terminali. Natumia Ubuntu, na Debian ni vilevile.

sudo apt install ipmitool rsyslog

ipmievd inakuja ndani ya kifurushi cha ipmitool. rsyslog, programu ya kupokea na kupanga logi, nimeitaja kwa sababu Debian 12 haiji nayo.

Sasa tufungue mlango kati ya mfumo endeshi na BMC:

sudo modprobe ipmi_si
sudo modprobe ipmi_devintf
ls -l /dev/ipmi0

Ukiona /dev/ipmi0, mambo safi. Usipoiona, jiulize kwanza: hii ni seva halisi? Wapo wanaojaribu ndani ya VirtualBox, programu ya kuigiza kompyuta, kwenye laptopu, halafu wananiandikia kwamba video haifanyi kazi. Mashine ya kufikirika, yaani mashine pepe, haina BMC, ndugu yangu. Hata kama ofisini mna seva kubwa iliyobeba mashine pepe kumi, kazi hii inafanyika kwenye ile iliyozibeba. Ili modyuli hizo zipande zenyewe kila seva inapowaka, andika majina yake mawili, kila moja mstari wake, ndani ya /etc/modules-load.d/ipmi.conf.

Twende tukaangalie daftari.

sudo ipmitool sel info
sudo ipmitool sel elist

Amri ya kwanza inakuonyesha daftari limejaa kwa asilimia ngapi, na kama limefurika. Ya pili inakusomea matukio yenyewe. Likiwa limejaa, BMC nyingi zinaacha kuandika, tukio jipya linapotea hivihivi. Ndiyo maana kwenye ile seva ya feni niliona mwanzo wa ugonjwa ila mwisho wake sikuuona. Lihifadhi kwanza, kisha lifute:

sudo ipmitool sel elist > sel-ya-zamani.txt
sudo ipmitool sel clear

Usifute kabla ya kuhifadhi. Narudia, maana najua mna haraka: usifute kabla ya kuhifadhi.

Saa. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea. BMC ina saa yake, na mara nyingi haina habari na saa ya seva. Nimekuta mashine inayodhani tupo mwaka 1970. Linganisha:

date
sudo ipmitool sel time get

Zikitofautiana, irekebishe:

sudo ipmitool sel time set now

Nyingine zinatofautiana saa tatu kamili, ujue mtu aliiweka kwa saa ya dunia (UTC) na sisi tupo saa tatu mbele. Halafu kuna kituko chetu wenyewe. Logi inaandika 02:14. Bosi anauliza feni ilikufa saa ngapi. Ukimjibu "saa mbili na robo", anaenda kumuuliza mlinzi wa jioni, wakati ilikuwa saa nane na robo usiku na mlinzi alikuwa mwingine. Kwenye ripoti andika kama logi ilivyoandika, ukisimulia kwa mdomo simulia kwa saa zetu.

Sasa ipmievd yenyewe. Ina njia mbili za kufanya kazi. Ya kwanza inaitwa open: BMC ikipata tukio inabisha hodi kupitia kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, programu inafungua na kupokea palepale. Ya pili inaitwa sel: hakuna hodi, programu yenyewe inachungulia daftari kila baada ya sekunde 10, na muda huo unaweza kuubadilisha. Kinadharia open ni ya haraka zaidi. Mimi natumia sel. Si kila BMC inajua kubisha hodi vizuri. Isitoshe, njia ya sel inakuonya daftari likifika asilimia 80. Kwa yaliyonikuta, onyo hilo pekee linanitosha.

Tuijaribu kwanza mbele ya macho yetu, bila kuificha nyuma:

sudo ipmievd sel nodaemon timeout=10

Iache hivyohivyo, fungua terminali ya pili, piga:

sudo ipmitool event 1

Hili ni tukio la majaribio, linasema joto limevuka kiwango cha hatari. Hesabuni nami... nne, tano, sita... hilo hapo! Limeingia. Angalizo: BMC inalichukulia kama tukio la kweli. Kama kuna mtu amepangiwa kupokea tahadhari, mwambie mapema, asije akakimbia kutoka mtaa wa Kikuyu na kandambili. Na kama BMC yako imepangwa kuizima seva joto likizidi, usijaribie hii kwenye mashine ya kazi.

Bonyeza Ctrl na C kuisimamisha. Sasa tuifanye huduma ya kudumu. Hakikisha kwanza ipo wapi kwa sudo which ipmievd. Kwangu ni /usr/sbin/ipmievd. Kisha tengeneza faili /etc/systemd/system/ipmievd.service, uandike hivi:

[Unit]
Description=Msikilizaji wa matukio ya BMC

[Service]
Type=forking
PIDFile=/run/ipmievd.pid
ExecStart=/usr/sbin/ipmievd sel daemon pidfile=/run/ipmievd.pid timeout=10
Restart=on-failure

[Install]
WantedBy=multi-user.target

Njia ya pidfile, faili linalotunza namba ya programu inayoendeshwa, iwe ileile sehemu zote mbili. Ikitofautiana hata herufi moja, systemd, msimamizi wa huduma za Linux, itangoja, itachoka, itasema huduma imeshindwa.

ipmievd ikiwa nyuma, inatuma ujumbe kwenye syslog, mfumo wa logi wa Linux, ukiwa na lebo ya local4. Tuutenge uwe na faili lake, usizame kwenye bahari ya logi nyingine. Ndani ya /etc/rsyslog.d/30-ipmi.conf:

local4.* /var/log/ipmi.log
local4.* @@10.10.0.5:514

Mstari wa pili unatuma nakala kwenye seva nyingine ya kukusanya logi. Weka anwani ya kwako. Alama mbili za @ ni TCP, moja ni UDP. Usiuruke ukidhani ni pambo. Seva ikiungua na faili likiungua nalo, utasoma wapi?

sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl restart rsyslog
sudo systemctl enable --now ipmievd
sudo tail -f /var/log/ipmi.log

Kwenye mashine za zamani ukiangalia top, orodha ya programu zinazofanya kazi, unaweza kuona kipmi0, kazi ya kerneli inayohudumia BMC, inakula prosesa. Usishtuke, inakula makombo: kipaumbele chake ni cha chini kabisa, kazi nyingine ikija inampisha.

Na jamani, kuifikia BMC hatukugusa mtandao kabisa. Tumezungumza na BMC kutoka ndani. IPMI ya mtandaoni inapita mlango wa UDP 623, na huo usiufungue kwa intaneti hata kwa nusu saa. Toleo la 2.0 lina udhaifu unaojulikana: mtu akiujua mlango na jina la mtumiaji anaweza kuchukua alama ya nenosiri (hash) na kwenda kuivunja kwa nafasi yake.

Tumalizie kwa kitu halisi. Seva hii ina pawa saplai mbili, na nimeshahakikisha kwa sudo ipmitool sdr type "Power Supply" kwamba zote nzima. Kama yako ina moja, tazama tu, usiige! Nashika waya wa kushoto... nachomoa. Taa imegeuka rangi ya chungwa. Seva bado inadunda. Tazama kioo... sekunde saba, nane... hiyo hapo: Power Supply AC lost. Narudisha waya. Tungoje tena kidogo... na mstari wa pili huo, umeme umerudi.