Kopo la Vishina

(Mhadhara kwa kamati za ujenzi na viongozi wa vikundi, Moshi)

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama na vijana, nawasalimu. Mwenyekiti, ahsante kwa nafasi. Leo nazungumzia tableti za bahati nasibu ambazo kijana wa kampuni moja anataka kutuletea Jumamosi kwa ajili ya harambee zetu.

Nianze na kopo la maziwa ya unga. Miaka ya nyuma, kule Pasua, tulichezesha bahati nasibu ili timu ya vijana ipate jezi. Mtunza hazina nilikuwa mimi. Tuliuza tiketi 300, kila moja na kishina chake. Siku yenyewe, mtoto akiwa ameshakunja mkono wa shati aingize mkono koponi, mama mmoja anayeuza ndizi Mbuyuni akasimama: "Baba, mwaga kwanza tuhesabu." Tukamwaga mezani. Vishina 287. Vile 13 vilikuwa kwenye mfuko wa koti langu. Nilivisahau, sikuwa na nia ya kuiba, lakini watu 13 walishatoa pesa zao na wasingeshinda hata kwa dawa.

Kopo unalimwaga watu wakahesabu. Tableti unaimwagaje? Hapo ndipo serikali inapohitajika.

Kuna jimbo la Marekani linaitwa Minnesota. Huko timu za watoto za magongo ya barafu, vyama vya wanajeshi wastaafu na mashirika mengine ya hisani huchangisha pesa kwa kuuza tiketi za kubandua kwenye baa. Unabandua kikaratasi, chini yake unakuta alama, unajua umepata au umekosa. Kila kasha lina idadi maalumu ya tiketi, na zenye zawadi zinajulikana idadi kabla ya kuuzwa hata moja. Ni kopo letu lile lile.

Mwaka 2012 gavana Mark Dayton akasaini sheria ya kuruhusu tiketi hizo ziingie kwenye tableti, kodi yake isaidie kulipa sehemu ya jimbo katika uwanja wa Minnesota Vikings. Makadirio ya mwaka 2013 yalikuwa dola milioni 35, yakaja kushushwa hadi chini ya milioni 2, na serikali ikakimbilia kodi ya sigara kuziba pengo. Baadaye mchezo ulishika kasi, na deni la uwanja likamalizwa mwaka 2023, kabla ya muda wake.

Lakini mimi kilichonikamata ni kitufe. Tableti zile zilikuwa na kitufe cha kufungua safu zote za tiketi kwa mpigo: unagusa mara moja, safu zote zinafunguka, taa zinawaka. Ukiiangalia ni dubwi, ile mashine ya kamari ya kutumbukiza sarafu. Jamii ya wenyeji wa asili, Shakopee Mdewakanton Sioux Community, yenye kasino zake, ikaenda mahakamani. Mahakama ya Rufani ya jimbo ikasema sheria haikuruhusu hivyo, na mwaka 2023 bunge likaandika wazi kwamba mchezaji afungue safu moja moja kwa mkono wake, kuanzia Januari 1, 2025.

Vyama vya hisani vilipinga sana, vikihofia mapato kushuka. Nawaonea huruma, maana watoto wao wanahitaji vifaa kama wetu walivyohitaji jezi. Hata hivyo nasimama na sheria. Mtu anayebandua taratibu anapata nafasi ya kukumbuka kodi ya nyumba na ada ya mtoto. Ukimwondolea nafasi hiyo umemchukulia kitu, hata kama pesa inakwenda kwenye paa la zahanati.

Sisi tunayo Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi yake, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Mwezi uliopita, nyuma ya duka moja, nimemkuta mtoto mbele ya dubwi, sweta la shule kalivua kalifunga kiunoni nembo isionekane, kashika sarafu ya mia mbili. Nilishindwa kupita.

Mnada wetu wa kanisani hauna shida hii. Mkungu wa ndizi unauzwa hata mara tatu, kila mtu anasikia bei na anajua anachangia. Mashine ni jambo jingine, ni kama mizani ya kahawa: mkulima haoni kilichomo ndani, ndiyo maana Wakala wa Vipimo anakagua na kugonga muhuri. Hakuna anayeachiwa mizani bila muhuri kwa kuwa ni mtu wa sala.

Sasa Jumamosi anakuja yule kijana wa kampuni na tableti zake za harambee. Kamati, mwombeni leseni kwanza. Aseme kasha moja lina tiketi ngapi na zenye zawadi ni ngapi, na ni nani, mbali na kampuni yake, aliyekagua programu. Kisha mpeni tableti yule mama wa Mbuyuni, yupo pale karibu na mlango, aibonyeze mara moja tu, sote tuone kinachofunguka.