Kubadilisha Solenoidi ya Stata Kwenye Gari la Zamani

Karibuni. Unazungusha ufunguo, unasikia "ta!" moja, halafu kimya. Wengi hapo hukimbilia kununua stata nzima. Tulia, tupime kwanza.

Leo tuna solenoidi, yaani swichi ya umeme inayopitisha moto wa betri kwenda kwenye stata. Hii yetu inakaa peke yake, imefungwa kwenye madigadi karibu na betri, kama kwenye Ford nyingi za zamani.

Anza na betri. Iliyojaa na kutulia husoma takriban volti 12.6. Betri dhaifu huifanya hata solenoidi isiyo na kasoro ilie "ta-ta-ta-ta" ukadhani imekufa. Sasa weka mita kwenye bolti mbili kubwa za solenoidi, mwenzako apige stata kidogo, gia ikiwa huru na handibreki juu. Injini ikizunguka kwa uvivu na mita inasoma zaidi ya nusu volti, basi shaba ya ndani imeungua. Badilisha.

Fungua waya hasi wa betri kabla ya kitu kingine chochote. Waya mnene unaoingia kwenye solenoidi una moto, yaani umeme, muda wote na hauna fyuzi. Spana ikigusa bodi hapo, cheche zake si za mchezo.

Piga picha, kisha ufunge vipande vya tepu kwenye waya. Bolti moja kubwa ni ya betri, nyingine ya stata. Ndogo yenye herufi S hupokea moto wa swichi ya ufunguo. Yenye I huipa koili (inayotengeneza cheche za plagi) volti kamili wakati wa kupiga stata tu, kwa sababu injini ikishawaka koili hupata umeme uliopunguzwa. Usizichanganye hizi mbili.

Sogea karibu uone hapa, ndipo watu wengi wanapokwama. Solenoidi hii haina waya wa ethi, yaani wa kurudisha umeme kwenye bodi. Inapata ethi kupitia miguu yake ya chuma. Niliwahi kufunga mpya ikakataa kabisa. Nikaitoa, nikafunga nyingine, nayo kimya. Kumbe madigadi ilikuwa imepakwa rangi upya! Kwa hiyo sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, pande zote mbili, ndipo ukaze.

Rudisha waya kama kwenye picha. Unapokaza nati kubwa, shika ile ya chini kwa spana ya pili. Bolti yenyewe ikizunguka, umeshaharibu ndani, na solenoidi mpya imekwenda.

Waya hasi uwe wa mwisho kurudi. Washa. Injini izunguke kwa nguvu, na ukiachia ufunguo stata inyamaze papo hapo. Ikiendelea kuzunguka, ng'oa hasi haraka, kisha ukague upya waya wa S na I kabla ya kujaribu tena.